Kichupa cha kwanza si cha gari la kukodi

Hebu tafuta YouTube vichupa vya wasanii chipukizi wa mwaka huu, uzime sauti, utazame vitano mfululizo. Utaona kijana amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Utaona gari ambalo sote tunajua si lake, bwawa la kuogelea, na wasichana watatu ambao hawajui hata jina la wimbo. Ukimaliza cha tano, jiulize: yupi anatoka Tunduma, yupi Tanga, na yupi Makangale? Hujui. Jina limeandikwa chini kwa herufi za dhahabu, lakini mwenyewe hujakutana naye.

Wanachuo wenzangu, nasema hivi: kazi ya kichupa cha kwanza ni kumtambulisha mtu. Vingi vya kwetu vinatambulisha gari.

Zamani sauti ilitangulia sura. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, watu wengi wa mwambao waliomsikia baadaye hawakuwa wamemwona hata siku moja. Walimjua kwa sauti, kwa Kiswahili chake na kwa mambo aliyoyaimba. Leo mambo yamegeuka. Sura inafika kwanza, kwenye simu ndogo, kwa bando la siku moja, na mtazamaji ana sekunde chache tu kabla kidole hakijasogea. Ndiyo maana watu wanakimbilia gari: wanadhani sekunde hizo zinahitaji utajiri. Mimi naona zinahitaji kitu ambacho hajakiona kwa mwingine.

Waliofanikiwa wanatufundisha hivyo. Rayvanny alipotambulishwa na WCB mwaka 2016, wimbo uliombeba ulikuwa "Kwetu", wa kijana anayezungumzia uduni wa nyumbani kwao. Mwaka uliofuata akachukua tuzo ya BET ya msanii mpya wa kimataifa, ile inayopigiwa kura na mashabiki. Zuchu naye alitambulishwa Aprili 2020 kwa nyimbo saba zilizopewa jina "I Am Zuchu". Jina lenyewe ni salamu: mimi ndiye Zuchu. Na ndani ya nyimbo hizo saba, mmoja aliimba na mama yake, Khadija Kopa. Msikilizaji hakuhitaji kuambiwa huyu ni mtoto wa Zanzibar aliyelelewa na taarabu.

Sasa njoo kwetu Pemba, tena kaskazini kabisa, Makangale. Ukitoka Konde unapita msitu wa Ngezi, ambamo wamo popo wa Pemba wasiopatikana pengine popote duniani. Mbele kuna ufukwe wa Vumawimbi, na kwenye ncha ya Ras Kigomasha umesimama mnara wa taa. Mahali hapa pameshapigwa picha nyingi. Lakini tazama picha hizo: mchanga mweupe, maji ya buluu, chumba cha hoteli kilicho chini ya maji, na watu hakuna. Kama kuna mtu, ni mgeni. Kwa anayetazama kutoka mbali, Makangale ni pwani isiyo na wenyewe.

Hapo ndipo penye uzito. Kijana wa kwanza wa Makangale atakayetoka kimuziki hatakuwa anajitambulisha peke yake. Atakuwa anawaonyesha wanaotazama kwamba mchanga ule una wenyewe, wanavua, wanalima, wanachekana, wanapendana na wana lafudhi yao. Akivuka bahari hadi Dar es Salaam, akakodi jumba na kuiga lafudhi ya Sinza, nafasi hiyo imepotea. Na sisi wa Pemba tutabaki kulalamika kwamba hatujulikani.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila mtu arudi kijijini akapige picha na nyavu na dema begani wakati hajawahi kushika hata kasia. Umaskini nao unaweza kuwa vazi la kukodi. Kama umekulia Chake Chake ukicheza gemu za simu, tuonyeshe Chake Chake na simu yako. Kipimo changu ni kimoja: ulichotuonyesha kwenye kichupa cha kwanza, utaweza kusimama nacho kwenye cha tano? Gari la kukodi hurudishwa jioni. Mashabiki waliokupendea gari wataondoka nalo.

Najua kuna jibu la haraka: "Ni rahisi kusema, wazee watasema nini?" Swali la haki kabisa. Sababu moja ya vijana wetu kujificha nyuma ya miwani na kwenye majumba ya mbali ni aibu ya kuonekana nyumbani wakiimba. Kwa msichana mzigo ni mara mbili. Zuchu alikuwa na mama aliyekwisha kubeba matusi yote kabla yake. Msichana wa Makangale mara nyingi hana. Sitamwambia yeyote apuuze wazazi wake. Lakini kuficha hakusaidii, maana kichupa kitafika Konde kabla mwenyewe hajarudi. Bora kuanza na mazungumzo: mwambie mzazi, nenda kwa sheha, fuata kibali cha BASSFU, vaa unavyovaa siku zote. Wazee wengi hukasirikia kushtukizwa kuliko wimbo wenyewe. Na sisi tuache mchezo wa kusambaza kipande cha sekunde tano cha msichana kwenye magrupu ya WhatsApp ili acheke kila mtu. Hiyo si kumkosoa msanii, ni kumfungia mlango.

Jambo la pili ni pesa. Kuna wenzetu wanaomaliza bumu lote kwa siku moja ya kushuti, halafu wanakula chapati kavu muhula mzima. Wengine wanapata "mfadhili" wa kulipia kila kitu. Hapo soma mkataba, tena msomee na mwanafunzi wa sheria. Harmonize alitambulishwa na WCB mwaka 2015 kwa "Aiyola"; alipoondoka mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili awe huru. Hiyo ni lebo kubwa iliyompa jina kubwa. Wewe unayepewa kamera ya siku moja unatoa nini? Angalau chaneli iwe yako na nenosiri liwe lako, hata kama wafuasi ni binamu zako thelathini.

Na kwa kweli gharama zinapungua ukiacha kukodi vya watu. Vumawimbi saa kumi na mbili asubuhi haihitaji taa. Hapa chuoni tuna wanaosoma habari, wanaosoma kompyuta, na wenye simu zinazopiga picha safi. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi jambo moja dogo: wiki ya utamaduni ijayo, itengwe jioni moja ya vichupa vya kwanza. Sharti liwe moja: kila kitu kinachoonekana kwenye kichupa kiwe cha msanii, cha kwao, au cha mtu anayemjua kwa jina. Tusitoe tuzo. Tutazame tu, halafu tumwulize kila msanii maswali.

Nina hakika vitakuwepo vichupa vibaya, vyenye picha za kutikisika na upepo unaopiga kwenye maiki. Lakini taa zikiwaka, tutakuwa tunajua nani katoka wapi na ana lipi la kusema. Ukishamjua mtu, unamsubiri wimbo wa pili.