SAMAKI WA SEBULENI: PAMPU YA HEWA NI LAZIMA AU MBWEMBWE TU?

Kuna mrembo mmoja hapa Bongo, jina kapuni, juzi kati alitupia video ya sebule yake mpya. Makochi meupe, taa za rangi, na pembeni ya TV tangi dogo la samaki. Alitegemea watu wayasifie makochi. Wapi! Macho yote yakaenda kwa samaki watatu wa dhahabu waliojipanga juu ya maji, midomo wazi, wanahema kama abiria wa daladala iliyoshona saa nane mchana.

Komenti zikagawanyika. "Nunua pampu ya hewa dada, watakufa hao!" Wengine wakabisha: "Pampu ya nini, mapovu ni mbwembwe." Mwenyewe akajibu kwa emoji ya kucheka. Siku chache mbele tangi likaonekana tena, mapovu kibao, ila samaki wamebaki wawili.

Ukweli ni kwamba kila upande ulipatia nusu. Mapovu yenyewe hayampi samaki hewa nyingi. Kazi kubwa inafanyika juu, pale yanapopasuka na kutikisa uso wa maji. Hapo ndipo oksijeni inapoingia na hewa chafu kutoka. Kwa hiyo kama filta inautikisa uso wa maji vizuri na samaki ni wachache, pampu sio lazima. Lakini kama maji yametulia tuli kama ya kwenye ndoo, hapo hakuna mjadala, nunua.

Halafu kuna hili joto la Dar. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 zinabaki kama 7 na nusu, na samaki akipata joto ndio anazidi kuhitaji hewa. Ukiwa na pampu, iweke juu zaidi ya usawa wa maji. Vinginevyo umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kupitia mrija, ukakuta pampu imekufa na zulia limelowa.

Aina ya samaki nayo ina maana. Beta ana uwezo wa kuvuta hewa kutoka juu ya maji, na mapovu mengi yanamsumbua tu. Samaki wa dhahabu ni habari nyingine: anakula sana, anachafua sana na anakua mkubwa. Ukiwabananisha watatu kwenye kitangi cha mezani, pampu haitawaokoa. Mapovu hayaondoi kinyesi wala chakula kilichooza chini, na huko kuoza nako kunakula oksijeni hiyo hiyo.

Hapo ndipo mrembo alipokosea, na sio yeye peke yake. Wengi mjini wananunua samaki kama wanavyonunua mto wa kochi: upendeze, upigwe picha, basi. Mambo yakiharibika wanakimbilia kifaa kinachoonekana kwenye kamera. Mapovu yanapendeza kwenye video. Kubadilisha sehemu ya maji kila wiki hakuna anayekupa like.

Mchekeshaji mmoja maarufu ana tangi lake bila pampu kabisa. Beta mmoja tu, filta ndogo, chakula kidogo kidogo, na maji ya bomba anayatoa klorini kabla ya kuyamimina. Hajawahi kulitafutia kiki. Samaki wake anadunda.

Kabla ya kutoa hela, amka alfajiri ukawaangalie samaki wako. Wakiwa wote juu wanagombania hewa, tikisa uso wa maji, badilisha sehemu ya maji, punguza idadi, kisha ndio uende dukani. Samaki hawezi kukoment, lakini akipandisha mdomo juu tayari kashaongea.

Mdau, wewe uko upande gani? Shusha maoni yako hapo chini.