Sangara Wetu Asipande Lori Kufuata Ndege

Sisi tunaokula kwa sangara hapa Mwanza tumechoka. Mvuvi anatoka Ukerewe au Kayenze usiku, anarudi na samaki kwenye barafu, wakala anapima, kiwanda kinachuna minofu na kuipanga kwenye maboksi. Mpaka hapo hatuna neno. Kisha maboksi yanapakiwa kwenye lori la baridi, linavuka Sirari na kukata zaidi ya kilomita 600 mpaka Nairobi. Mengine yanazunguka njia ya Mutukula kwenda Entebbe. Ndege ya Ulaya inapakia huko, wakati uwanja wa ndege tunao hapa Ilemela, ukingoni mwa ziwa lenyewe! Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetupunguzia foleni ya kivuko, na tunalishukuru sana, ila halikutuondolea safari ya lori.

Safari hiyo nani anailipia? Mnunuzi wa Ulaya ana bei yake na haongezi hata senti. Kiwanda kinamkata wakala, wakala anamkata tajiri mwenye mtumbwi, tajiri anawakata vijana wanaovuta nyavu. Lori likilala mpakani, minofu mibichi inapoteza siku zake chache za kukaa sokoni, na asubuhi tunaambiwa bei ya kilo imeshuka. Petroli ya injini haijashuka. Ada ya shule haijashuka.

Wala isisemwe kwamba ndege kubwa haziji Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ilyushin zilikuwa zikitua hapa na kuondoka zimejaa minofu. Ndizo zilizoonyeshwa kwenye filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ile iliyotuumiza wengi na ambayo Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Tarehe 23 Machi 2005 Il-76 moja yenye shehena ya minofu ilianguka ziwani mara baada ya kuruka kutoka hapa, na watu wote 8 waliokuwamo wakafa. Hatuombi madege yale machakavu yarudi. Tunakumbusha tu kwamba mzigo wa ndege nzima ulipatikana Mwanza, tena miaka 20 iliyopita.

Tarehe 3 Juni 2023 nchi ikapokea ndege yake ya mizigo, Boeing 767-300F yenye uwezo wa kubeba tani 54. Tulifurahi kwa dhati. Lakini ndege ni hiyo moja, na inatazamwa na wenye samaki, wenye nyama, wenye maua na wenye parachichi nchi nzima. Bado sangara wengi wanapanda lori.

Sababu tunazielewa. Ndege ya mizigo ikija tupu, gharama ya kuja inabebwa na mzigo wa kuondoka. Na kabla ya mwaka 2020 karibu nusu ya mizigo ya anga duniani ilikuwa inasafiri kwenye matumbo ya ndege za abiria, ndiyo maana Nairobi, yenye safari nyingi za abiria kwenda Ulaya, inavuta shehena ya majirani wote. Ila hatujasahau Uviko ulipozisimamisha ndege za abiria mwaka huo. Nafasi ya mizigo iliadimika, nauli ya kilo ikapaa, na huku ziwani bei ya sangara ikaanguka. Tulipata hasara kwa ndege zisizotuhusu, za viwanja visivyo vyetu.

Jibu tunalopewa ni kwamba mzigo wa Mwanza hautoshi. Hautoshi vipi, na malori yanajaa? Mwenye kiwanda hawezi kuweka shehena yake kwenye ndege isiyojulikana inakuja lini, na mwenye ndege hapangi safari bila kuahidiwa mzigo. Wanangojana, na wanaongojana ni watu wa mji mmoja na serikali moja.

Waketi basi meza moja. Tunataka siku maalumu za ndege ya mizigo kila wiki, hata kama ni siku mbili kwa kuanzia, na chumba cha baridi uwanjani kinachotosha shehena ya ndege nzima. Wabunge wa Kanda ya Ziwa, mnatuomba kura kwenye mialo hii hii: lipelekeni jambo hili bungeni, mtuletee tarehe ya ndege ya kwanza.