Mwuguzi Amefundisha, Lakini Mama Amekumbuka Nini?

Bwana mkulima, wewe unayelima shamba la skimu huko Ndalu, Naitiri, Tongaren au upande wa Kitale, leo tuache kidogo habari za mbolea na maziwa, tuzungumze habari za benchi la zahanati. Akina mama wanalijua sana benchi hilo. Wewe pengine hujalikalia hata siku moja.

Asubuhi, kabla watoto hawajapimwa uzito, mwuguzi husimama mbele ya akina mama akawafundisha. Huwaambia habari za chanjo, za chandarua, za kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, na jinsi ya kumsaidia mtoto anayeharisha. Akina mama huitikia, "Ndiyo, Sista." Kisha kazi huanza, nayo ni nyingi, hasa mahali kama Lwakhakha ambapo mto ndio mpaka wetu na Uganda, na watu wa ng'ambo zote mbili huoana na kuuziana vitu kila siku.

Sasa mimi nina neno juu ya hiyo "Ndiyo, Sista." Mara nyingi ni adabu tu, wala haionyeshi kwamba mtu ameelewa. Mama aliyeamka alfajiri, akatembea na mtoto mgongoni, na ambaye hajui atafika nyumbani saa ngapi, ataitikia ndiyo hata kama nusu ya maneno yamempita.

Kumbukeni mahindi. Mbegu chotara ya H611 ilipotolewa Kitale mwaka 1964, wakulima hawakuipokea kwa sababu Bwana Shamba alihutubia vizuri. Waliipokea kwa sababu waliyaona mahindi ya jirani yamesimama kuliko yao. Na kazi ya Bwana Shamba haikupimwa kwa hesabu ya mikutano. Ilipimwa kwa kilichoota shambani. Basi kwa nini katika mambo ya afya tuhesabu mafunzo yaliyotolewa, tusiulize yaliyobaki kichwani mwa mama?

Iko nchi iliyouliza swali hilo kwa bidii. Huko Bangladesh, kati ya mwaka 1980 na 1990, shirika liitwalo BRAC liliwatuma wanawake waende nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Walizifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Mwalimu hakutosheka kueleza. Mama alitengeneza maji yale mwenyewe kwa mkono wake, mwalimu akitazama. Baada ya siku kadhaa alikuja mtu mwingine kumwuliza mama anakumbuka nini, na mshahara wa mwalimu ulitegemea majibu hayo. Mama akisahau, mwalimu alipungukiwa. Nadhani mwalimu wa namna hiyo hasemi haraka haraka!

Hata hivyo mwanzoni akina mama wengi walijua kutengeneza lakini hawakutumia. Sababu moja ilikuwa kwamba waume hawakuambiwa kitu. Mwanamume alisikia mke wake anampa mtoto maji ya chumvi badala ya dawa ya dukani, akakataza. Ikabidi wanaume nao wafuatwe misikitini, sokoni na shuleni.

Bwana mkulima, hapo ndipo unapoguswa. Mtoto wako akiharisha usiku wakati wa masika, nani huamua nyumbani kwako? Wapo wanaosema asipewe maji, eti yatazidisha kuharisha. Hilo ni kosa linaloua, maana mtoto hufa kwa kuishiwa maji mwilini. Apewe maji ya ORS kidogo kidogo, aendelee kunyonya na kula. Soma paketi kwanza, maana nyingine ni ya nusu lita na nyingine ni ya lita nzima, na ukikosea kipimo umeharibu dawa. Vidonge vya zinki navyo vimalizwe, siku 10 hadi 14 kama mwuguzi alivyoagiza, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Akiwa na macho yaliyobonyea, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye choo, msingoje kupambazuke. Tafuta pikipiki.

Lakini nisiwalaumu nyumbani peke yao. Wauguzi nao wana la kusikia. Mama aliyelea watoto 5 anakijua kilio cha mtoto wake, na kukhu aliye nyumbani ameona mengi, mwuguzi mwenye busara huanza kwa kuuliza, "Umempa nini mpaka sasa?" kabla ya kugomba. Ukali hufukuza watu. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe shilingi 2,500,000, kwa kuwa mwezi wa Agosti 2013 alijifungulia sakafuni katika hospitali kubwa ya kaunti na kutendewa vibaya na wauguzi. Habari kama hiyo husafiri kuliko somo lolote la asubuhi. Najua wauguzi ni wachache na wanachoka, na wengi wao ni watu wa huruma sana. Lakini mama aliyetukanwa mara moja atajifungulia jikoni safari ijayo, na akitokwa na damu nyingi huko, hakuna wa kumwokoa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Wanafunzi wa uuguzi, kama wale wa vyuo vya KMTC vya Kitale na Bungoma, wapewe kazi ya kuwafuata akina mama makwao wiki moja baada ya kliniki, wala si kuhutubu tena, bali kuuliza na kutazama: chandarua kimetundikwa au kimezungushiwa mboga? Maji ya ORS yanapimwa kwa chombo gani? Mwanafunzi atajifunza huko mambo ambayo wodi haimwonyeshi. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao Serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wanaijua njia ya kila boma, wao wamtangulie. Na yatakayoonekana yarudishwe kwa mwuguzi, ili ajue ni neno gani halikusikika.

Tena siku ya kliniki, wewe mwenye shamba, nenda pamoja na mama. Ng'ombe akikamuliwa saa kumi na moja, saa mbili mtakuwa mmekwisha kufika. Kaa kwenye benchi, usikilize, na mkiwa njiani kurudi mwulize mama alichoshika, naye akuulize wewe.