Daktari asiyepiga sindano



Mwanafunzi anayemaliza sekondari akisema kwamba anaenda kusoma udaktari wa mwili, watu wote wanamshangilia. Lakini akisema anataka kusoma jeografia na elimu ya mazingira mpaka doktora, wanacheka: « Dokta gani huyu asiyepiga sindano? Utakula milima? » Sisi wa gazeti hili tunawaza kwamba kicheko hiki kinaharibu inchi yetu.

Tutazame kwanza njia yenyewe. Kwa mpango wa LMD, lisansi ni miaka 3, masta miaka 2, doktora miaka 3. Na wengi wanapita hiyo mitatu ya mwisho juu ya ukosefu wa feza na vyombo. Doktora si kukariri majina ya mito na miji mikubwa. Ni kuchukua ulizo moja ambalo hakuna mtu amelijibu bado, kupanda milima na kupima, kurudi na kupima tena, kuandika teze, kisha kusimama mbele ya juri na kuitetea.

Ulizo gani? Tukumbuke Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi. Mvua kali ilinyesha, mito ikashuka na mawe na matope, ikafunika nyumba na watu kule Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Tulilia, tuliomba, na ilifaa. Lakini maulizo yamebaki. Kijiji gani kingine kimejengwa pahali mto ulipita zamani? Mteremko gani umekatwa miti mpaka hakuna mizizi ya kushika udongo? Mvua ya kiasi gani inatosha ili mlima uanguke? Mwenye kutafuta majibu hayo ndiye daktari wa jeografia. Mgonjwa wake ni kilima, pamoja na watu waliojenga chini yake.

Tusiseme kwamba hiyo ni kazi ya wageni wenye mashine nyingi. Mbele ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, wachunguzi wa volkano wa Goma walikuwa na mashine 2 tu zenye kutumika za kupima mitetemeko ya inchi. Hata hivyo, Wakongomani waliozitunza waliona alama mbaya, wakasema. Wachache waliwasikia. Basi akili haikukosekana kwetu. Kilichokosekana ni vyombo, watu wa kutosha, na masikio.

Kuna wazazi wanaosema: « Miaka 8 ni mingi, jamaa inangoja mshahara. » Neno hilo ni la kweli, na hatulichezei. Baba aliyeuza mbuzi ili alipe masomo ana haki ya kuuliza atapata nini. Ndiyo sababu tunaomba wakubwa wa makanisa yetu: wanapotafutia vijana msaada wa kusoma tewolojia na udaktari, waweke hata nafasi moja kwa jeografia. Nehemia mwenyewe, mbele ya kujenga ukuta, alizunguka usiku ili aone pahali ulipobomoka.

Lakini wenye doktora nao wako na deni. Teze isifungwe ndani ya kabati, katika Kifaransa tu, na mwenye shamba asijue kilichoandikwa juu ya kilima chake. Warudi kijijini, waeleze kwa Kiswahili na kwa luga ya pale: hapa jenga, hapa usijenge, hapa panda miti.

Na sisi wanafunzi, tusingoje diploma. Chupa iliyokatwa juu, yenye ubavu ulionyoka, rula na kaye moja vinatosha kwa kuanza. Tuiweke pa wazi, mbali na miti na mabati, na kila asubuhi, saa ileile, tupime mvua. Milimita 1 ni lita 1 ya maji juu ya meta 1 ya mraba. Tukiandika mwaka mzima bila kuruka siku, yule atakayekuja kufanya doktora juu ya milima yetu atakuta kitu cha kushika. Pengine atakuwa mmoja wetu, kijana ao binti.

Anayetaka kushika kaye juma la kwanza, apeleke jina lake kwa mwalimu wa jeografia.

Watunzi wa gazeti