Je, Kubadili Dini Kwaweza Kukomesha Vita vya Dini?



Mwezi huu twapenda kulijibu swali ambalo vijana wetu wa hapa Iguguno hulijadili barazani, na ambalo hapana shaka hujadiliwa na vijana wa miji mingine pia. Swali lenyewe ni hili: Katika nchi ambayo watu wake wamegawanyika kwa dini hata wakafikia kuuana, je, wasingepata amani kama upande mmoja ungeiacha dini yake na kuifuata ya upande wa pili? Wengine huongeza na kusema: Kama wote wangesilimu, vita vingetoka wapi tena?

Swali hili si la mchezo. Sisi Waislamu twaamini kwamba dini yetu ni ya haki, nasi hufurahi kila mtu anapoingia kwa hiari yake. Kwa sababu hiyo ni rahisi kwetu kujibu upesi kwamba watu wasilimu na mambo yatakwisha. Lakini jibu la upesi si la kweli siku zote. Yatupasa kwanza tuyatazame yaliyotokea katika nchi zetu hizi, ndipo tuseme.

Tuanze na jirani zetu wa Buganda, maana huko dini tatu zilikutana katika baraza la mfalme mmoja. Uislamu ndio uliotangulia, ukiletwa na wafanya biashara waliotoka pwani, zamani za Kabaka Suna. Mwanawe, Kabaka Mutesa, alifunga Ramadhani miaka mingi na kuwaamrisha watu wake waifuate dini hiyo. Hata hivyo mwaka 1876 aliwaua vijana Waislamu wa barazani mwake, waliokataa kula nyama yake kwa kuwa haikuchinjwa kwa sheria. Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka 1879 wakafika mapadri wa Kikatoliki wa Kifaransa.

Mwaka 1888 wafuasi wa dini zote tatu walishirikiana kumwondoa Kabaka Mwanga. Walikaa pamoja kwa majuma machache tu. Kisha Waislamu wakawafukuza Wakristo, na baada ya muda si mrefu wakamtawaza Kalema. Mwaka 1890 Wakristo walikuwa wamekwisha kumrudisha Mwanga na kuwashinda Waislamu. Sasa washindi wote walikuwa Wakristo. Je, amani ilipatikana? Haikupatikana. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wao kwa wao pale Mengo, na Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza akawasaidia Waprotestanti. Watu waliviita vyama hivyo Wafransa na Wangereza, ingawa wote walikuwa Waganda, wana wa nchi moja na pengine wa ukoo mmoja.

Majina hayo yatufunulia siri ya jambo lenyewe. Hawakuwa wakigombania sala. Waligombania kiti cha mfalme, vyeo na ardhi. Mojawapo ya hoja zilizowatesa siku zile ilikuwa hii: Chifu anayebadili dini, je, abaki na cheo chake na mashamba yake, au awaachie watu wa dini aliyoitoka? Mahali ambapo dini imekuwa ndiyo chama cha kupatia mali, mtu akibadili dini haondoi ugomvi. Huhama tu kutoka jeshi moja kwenda jeshi la pili, na wale aliowaacha humwona msaliti.

Sasa tuje Rwanda, ambako swali letu lina uzito mkubwa zaidi. Mwaka 1994, kuanzia Aprili hata Julai, waliuawa watu wanaokadiriwa na Umoja wa Mataifa kuwa wapatao 800,000, wengi wao wakiwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Wauaji na waliouawa kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa dini moja, na mara nyingi wa kanisa moja. Watu walikimbilia makanisani Nyamata, Ntarama na Nyange, wakauawa humo humo. Kubatizwa kwa maji yale yale hakukumzuia mtu kumwinulia jirani yake panga.

Waislamu wa Rwanda walikuwa wachache sana. Sensa ya mwaka 1991 iliwahesabu kuwa kiasi cha mtu mmoja katika kila watu 100. Wengi wao waliwaficha wakimbizi majumbani na misikitini, wakahatarisha maisha yao kwa ajili ya watu wasiokuwa wa dini yao. Baada ya mauaji, Wanyarwanda wengi waliingia katika Uislamu. Baadhi yao walisema wameuona wema wa Waislamu kwa macho yao, na wengine walitafuta mahali pa usalama. Habari hii ni fahari yetu, nasi twaitaja kwa shukrani.

Lakini fahari isitufumbe macho. Wenye kuichunguza habari hiyo waeleza kwamba Waislamu wa huko, kwa miaka mingi, waliishi pamoja katika mitaa yao kama Nyamirambo mjini Kigali, wakizungumza Kiswahili, wakioana Mhutu na Mtutsi, nao walikuwa mbali na vyeo vya serikali. Undugu ulikuwa umekwisha kujengwa katika nyumba kabla ya siku ya mtihani kufika. Tena si Waislamu wote waliosalimika na dhambi hiyo. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililowachochea watu kwa chuki, alikuwa Mwislamu, na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Jina lake la Kiislamu halikuuzuia mkono wake kuandika sumu.

Yafaa pia tukumbuke kwamba Rwanda haikutulia kwa kuwa watu wake wamebadili dini. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Waislamu ni kiasi cha watu 2 tu katika kila 100. Majirani walilazimika kukabiliana uso kwa uso katika mahakama za vijijini ziitwazo gacaca, zilizofungwa mwaka huo huo wa 2012, muuaji akiungama na aliyefiwa akisikiliza. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, wala haikukosa kasoro, lakini ililigusa jeraha lenyewe.

Huenda kijana akasema: Hayo ni ya mahali penye dini nyingi. Basi na tutazame mahali penye dini moja. Wasomali karibu wote ni Waislamu, tena wa madhehebu ya Shafii, na lugha yao ni moja. Lakini serikali yao ilipoanguka mwaka 1991 waliuana kwa koo zao, na maelfu kwa maelfu wakawa wakimbizi. Unguja na Pemba nako karibu watu wote ni Waislamu. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 walikufa watu 68, na katika Mapinduzi ya Januari 1964 damu nyingi zaidi ilimwagika, baina ya watu waliokuwa wakielekea kibla kimoja. Waligawanywa na vyama, ardhi na habari za asili ya mtu. Ikiwa umoja wa dini peke yake ungetosha, misiba hiyo isingalitokea.

Hata historia yetu ya mwanzo yatufundisha hivyo. Sayyidna Uthman aliuawa mwaka 35 wa Hijra, yaani 656, na waliomwua walikuwa Waislamu. Kisha vikafuata vita vya Jamal na vya Siffin, Mwislamu kwa Mwislamu. Twayasema haya kwa majonzi, si kwa kuwahukumu waliotangulia, bali ili tusijidanganye.

Na je, mtu akilazimishwa kubadili dini? Hapo mambo huwa mabaya zaidi. Baada ya Granada kuanguka mwaka 1492, Waislamu wa Castilla waliamriwa mwaka 1502 wabatizwe au waihame nchi. Wengi walibatizwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kati ya 1609 na 1614, wajukuu na vitukuu vyao walifukuzwa Hispania, kwa kuwa hawakuaminiwa kamwe. Mtu aliyelazimishwa hana rafiki upande wowote. Wala tusidhani ubaya huo hufanywa na wengine tu. Kalema naye, tuliyemtaja hapo juu, aliwalazimisha watu watahiriwe, na hilo liliwazidishia wengi chuki juu ya dini yetu. Qurani Tukufu imekwisha kutufunza kwamba hakuna kulazimishana katika dini. Anayelazimisha, hata kama anadai kuutetea Uislamu, ameivunja amri ya Uislamu.

Msomaji mwerevu aweza kutuuliza: Mbona Aus na Khazraj, makabila mawili ya Madina, waliuana miaka mingi hata vita vya Bu'ath, kisha wakasilimu na kuwa ndugu? Je, huko si kubadili dini kulikokomesha vita? Swali hili ni zuri, nasi hatulikwepi. Ni kweli kwamba imani iliwaunganisha. Lakini tuangalie alivyofanya Bwana Mtume s.a.w. Hakuridhika na watu kutamka shahada tu. Aliwaunga udugu Muhajirina na Ansari, akahimiza haki kwa mnyonge na kwa mwenye nguvu, akaandika mapatano ambamo Mayahudi wa Madina waliachiwa dini yao na wakahesabiwa pamoja na Waislamu katika kuulinda mji. Ni kweli kwamba baadaye palitokea vita na baadhi yao, lakini wanahistoria wetu waeleza kwamba sababu ilikuwa kuvunjwa kwa mapatano, si kule kukataa kwao kusilimu. Tena katika mji ule ule walikuwako wanafiki, wakiongozwa na Abdullahi bin Ubayy, waliosali pamoja na Waislamu huku wakichochea fitina. Basi kilicholeta amani ni mioyo iliyobadilika na haki iliyosimamishwa. Aliyebadili jina bila kubadili moyo alibaki kuwa hatari kama alivyokuwa.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Mtu na abadili dini kwa kuwa ameiona haki na amtaka Mola wake. Hilo ni baina yake na Mwenyezi Mungu, na Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yampa uhuru huo. Lakini kubadili dini si dawa ya vita. Vita huponywa kwa kuondolewa dhuluma, kwa kugawana vyeo na mali kwa haki, na kwa kuzuiwa ndimi za wachochezi.

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa Iguguno, na wa Mkalama na Singida kwa jumla, twaishi katika koo zilizochanganyika. Katika ukoo mmoja wa Kinyiramba utamkuta Mwislamu, Mlutheri, Mkatoliki, na mzee ambaye bado ayashika ya mababu. Twalima alizeti pamoja, twauziana vitunguu na kuku, twazikana. Neema hii si ya kudumu bila ulinzi. Oktoba 2012 ugomvi wa watoto wawili kule Mbagala, uliohusu kuvunjiwa heshima Msahafu, uliishia kwa makanisa kuchomwa moto. Februari 2013 kule Buseresere, mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje ulileta mauti ya mchungaji mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi twawausia wazazi na vijana mambo manne. Kwanza, watoto wasisikie majumbani mwetu maneno ya kuidharau dini ya jirani, kwa maana mtoto hulichukua neno la baba hata shuleni. Pili, panapokuwa na arusi au msiba wa ukoo uliochanganyika, wazee wakae mapema na kukubaliana juu ya mchinjaji na chakula, wasingoje mpaka ng'ombe amefungwa kamba. Tatu, kijana anayetaka kumwoa binti wa dini nyingine asimfanye asilimu kwa sababu ya mahari na sherehe tu. Shahada inayotamkwa kwa ajili ya arusi huenda ikavunjika pamoja na ndoa, na koo mbili zikabaki na uadui. Nne, aliyesilimu asiwakatae wazazi wake. Asma binti Abubakar alipomwuliza Mtume s.a.w. kama amtendee wema mama yake aliyekuwa bado mshirikina, aliamriwa aunge udugu naye. Ikiwa yeye aliamriwa hivyo, sisi tuna udhuru gani wa kuwanunia mama zetu wanaokwenda kanisani?

Vijana wetu, msingoje siku ambayo watu wote wa Iguguno watakuwa wa dini moja ndipo muishi kwa amani. Jirani yenu yupo leo, na haki yake juu yenu ipo leo. Mkimtendea uadilifu, mtakuwa mmeihubiri dini yenu kwa namna ambayo hakuna mtu awezaye kuikasirikia.

Mwenyezi Mungu aitie mioyo yetu rehema, azilinde nyumba zetu na fitina, na aijaalie nchi yetu iendelee kukaa kwa salama. Amin.