Kodi ya dhahabu ya Kamituga ijenge maabara

Septemba 2023, wagonjwa wenye vipele walianza kupokelewa katika hospitali kuu ya Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu wilayani Mwenga, Kivu ya Kusini. Wengi walikuwa vijana na watu wazima, wakati mpox ilizoeleka zaidi kwa watoto wa vijijini.

Jibu lilipatikana ndani ya DNA ya kirusi. Watafiti wa INRB, taasisi ya taifa mjini Kinshasa, walipoisoma walikuta tawi jipya, sasa linaitwa Ib. Mabadiliko yake yalionyesha kwamba ugonjwa unapita toka mtu hadi mtu. Tena, tawi hilo limepoteza kipande ambacho kipimo kimoja cha zamani kilikuwa kinakitafuta, hivyo kipimo hicho hakikuweza kuliona.

OMS ilitangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba. Kamituga ilikuwa imeugua karibu mwaka mzima.

Wanasayansi walifanya kazi yao. Lakini sampuli inayopita barabara mbovu kabla ya kufika maabara ya mbali humpa kirusi nafasi ya kusafiri na wachimbaji na wachuuzi. Dhahabu inatoka Kamituga kila siku. Ni haki sehemu ya kodi yake irudi huko: maabara, umeme wa kudumu, na wafanyakazi waliofunzwa na wanaolipwa kwa wakati. Ugonjwa mwingine hautangoja.