Mbudya si gulio la kombe

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dar es Salaam kuchukua mizigo wamejipatia desturi mpya. Mzigo ukichelewa bandarini, au lori likikosa nafasi, hawakai tena gesti Kariakoo kuhesabu hasara. Jumapili wanapanda daladala hadi Kunduchi, wanavuka kwa boti kwenda kisiwa cha Mbudya, wanakula samaki wa kukaanga, wanaogelea na kupiga picha za kutuma Bujumbura na Ngozi. Ni jambo jema nami nalitetea. Mtu aliyekunjwa miguu kwenye basi tangu Kobero ana haki ya kuiona bahari.

Ninachokilalamikia ni kile kinachorudi ndani ya mabegi.

Katika safari yangu ya mwisho, mama mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja alikuwa amefunga ndani ya khanga vipande vitatu vya matumbawe na gamba la kasa. Alivinunua kwa kijana ufukweni, akitegemea kumuuzia mwenye baa mmoja anayependa mapambo ya ukutani. Mpakani begi likafunguliwa. Vitu vikachukuliwa, mama akaitwa pembeni, basi likaondoka bila yeye huku robota lake la vitenge likiwa juu ya basi hilo hilo. Alilala mpakani siku mbili. Yule kijana wa ufukweni, bila shaka, alikuwa ameshalala na pesa yake.

Hakuna aliyemweleza mama yule kwamba kasa wote wa baharini wamo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ile ya viumbe ambavyo biashara yake ya kuvuka mipaka imekatazwa. Matumbawe magumu, kombe wakubwa wale wanaofunguka kama kitabu, na farasi wa baharini wamo katika orodha ya pili, na havivuki bila kibali. Nchi zetu zote za ukanda huu zimetia saini. Kwa hiyo hata ukipita salama upande mmoja, upande wa pili nao una haki ya kukukamata.

Na hapo tumezungumzia mpaka tu. Kisiwani kwenyewe sheria ni kali zaidi. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, na leo vinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Eneo tengefu maana yake hakivunwi kitu: samaki, matumbawe, hata kombe tupu lililotupwa na mawimbi. Wapo watakaouliza, kombe tupu lina faida gani? Lina mpangaji. Yupo kaa asiye na gamba mgongoni ambaye huishi ndani ya kombe lililoachwa, na kila anapokua hutafuta jingine kubwa zaidi. Ukibeba yote mazuri, yeye anabaki uchi mbele ya ndege.

Miye bahari niliisoma Ulyankulu, mkoani Tabora, mbali kabisa na maji ya chumvi, kwa chaki na ubao. Ndiyo maana sishangai kwamba wengi wetu tuliohunguka, abahungutse kama tunavyoitwa nyumbani, tunayaona matumbawe kuwa mawe. Si mawe. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi kwa maelfu, kila mmoja akijenga kijumba chake cha chokaa juu ya cha mwenzake. Yapo matumbawe ambayo kwa mwaka mzima huongezeka sentimita moja hivi. Kisigino cha mtu mmoja anayesimama juu yake ili apigwe picha kinaweza kuvunja kazi ya miaka kumi. Pwani hii imeshapigwa vya kutosha: mabomu ya wavuvi haramu kwa miaka mingi, kisha joto la maji la mwaka 1998 lililoyafanya matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi kuwa meupe na kufa. Yaliyobaki hayahitaji visigino vyetu.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Wavuvi wa Kunduchi, ambao baba zao walitega mitego kuzunguka visiwa hivyo, wamekatazwa kuvua pale. Anapita mgeni kutoka bara, anajaza begi, anaondoka. Sisi wa Ziwa Tanganyika tunajua uzito wa katazo la namna hiyo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Wauza ndagala wanakumbuka. Je, angetokea mtalii wakati ule akavua mukeke kwa kujifurahisha, tungemchekea?

Sisemi lawama zote ni za mnunuzi. Mpakani tunaelezwa ushuru wa kila kitu, kuanzia kandambili hadi betri za gari, lakini bango la kutaja vitu vya baharini visivyoruhusiwa sijaliona. Karatasi moja ya Kiswahili na Kirundi ingemwokoa mama yule na siku zake mbili.

Hadi karatasi hiyo ipatikane, tuelezane wenyewe. Lipa ada ya hifadhi na udai stakabadhi, maana fedha hiyo ndiyo mafuta ya boti za doria. Usipande boti isiyo na majaketi ya kujiokoa, hata nauli ikiwa nusu. Mwambie nahodha atie nanga kwenye mchanga. Ogelea maji yakiwa yamejaa. Yakikupwa, usitembee juu ya matumbawe. Kiti cha pwani kiache majini, usikinyanyue kwa ajili ya picha. Ukimwona kasa, mwache apite, kwani hupanda juu kuvuta pumzi na anayemzingira anamnyima hewa. Mifuko ya plastiki Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, lakini chupa za maji bado zipo, nazo zirudi Kunduchi pamoja na aliyezileta. Mfuko unaoelea baharini, kasa anaudhani ni yavuyavu na kuumeza.

Na kijana akikuletea gamba au tumbawe, mwambie hapana, ukamnunulie mwenzake anayeuza madafu. Anayetaka zawadi ya pwani ya kupeleka nyumbani atapata Kariakoo khanga, mikeka ya ukili na halua ya Unguja. Hivyo hata begi likifunguliwa mpakani, basi litamsubiri.